Kitabu pepe au cha karatasi: bei inaanzia wapi?

Kitabu pepe hakina gharama ya uchapaji, lakini bei yake si huru kabisa. Katika masoko makuu ya Amazon, mwandishi anayejichapishia mwenyewe anaweza kupata asilimia 70 ya bei, ikiwa bei hiyo iko kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo ni asilimia 35. Kuuza kwa dola 2.50 ni kujipunja: unabaki na senti 87 tu.

Cha karatasi huanzia kwenye idadi ya kurasa. Kikichapwa kwa oda, nakala moja moja, kila ukurasa unakula faida, na duka nalo lina fungu lake.

Riwaya ndefu ningeitoa kwanza kama kitabu pepe. Mashairi? Karatasi, bila kusita. Mkato wa mistari ni sehemu ya shairi, na skrini ndogo ya simu huuvuruga.