Saa ya Kifahari ni Uwekezaji? Njooni Tupige Hesabu

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo sina saa mpya ya kuitoa kwenye kasha. Nina hii moja tu, niliyoivaa miaka sita sasa, na nimeileta kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jibu la swali mnaloniuliza kuliko yote: nikiweka fedha zangu kwenye saa ya kifahari, zitazaa?

Jibu langu ni hapana. Nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Saa ya kifahari ni kitu kizuri kumiliki, na mimi nazipenda saa kupita kiasi. Lakini kama mahali pa kukuzia akiba, kwa wanunuzi walio wengi, hapafai. Mliobaki, tukae tupige hesabu.

Tuanze na habari zinazowatia watu tamaa. Oktoba 2017, kwenye mnada wa Phillips jijini New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Ukisikia hivyo lazima roho ikutoke. Sasa sikieni kisa chenyewe. Saa ile alipewa na mkewe, Joanne Woodward, na nyuma yake alimchongea maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, maana Newman alikuwa mtu wa mbio za magari. Daytona zenye uso wa namna ile zilikuwa zinadoda madukani miaka hiyo. Watu walizipita. Leo ndizo zinazopiganiwa, na hakuna aliyezinunua wakati ule kwa kuwa alijua zitapanda. Tena ile moja ilifika bei ile kwa sababu ya mkono ulioivaa, na mkono huo hauuzwi dukani.

Kisa cha pili ndicho kinachonikaa kichwani zaidi. Kuna saa ya mfukoni ya Patek Philippe iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri wa Marekani, Henry Graves, akakabidhiwa mwaka 1933. Ina kazi 24 ndani yake, ukiacha kuonyesha saa na dakika. Hata ramani ya nyota za anga la New York imo. Mwaka 1999 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 11. Mwaka 2014 ikauzwa tena Geneva, kwenye mnada wa Sotheby's, kwa takriban dola milioni 24. Magazeti yakaandika rekodi, rekodi, rekodi.

Chukueni kikokotoo. Kutoka milioni 11 hadi milioni 24, miaka 15. Ukuaji wake ni kama asilimia 5 na kidogo kwa mwaka. Asilimia 5! Na hapo hujatoa bima, hujatoa ulinzi, hujatoa fungu la nyumba ya mnada, maana bei inayotangazwa huwa na ada ya mnunuzi ndani yake, ada ambayo muuzaji haioni. Hiyo ni moja ya saa mashuhuri kuliko zote duniani, iliyo peke yake. Kama yenyewe imeleta hivyo, hii ya kwako iliyotoka kiwandani pamoja na ndugu zake maelfu italeta nini?

Tufanye hesabu ya mtu wa kawaida. Namba hizi ni za mfano, ila zina sura ya soko lilivyo. Umenunua saa kwa dola 10,000. Miaka mitano ikapita na bahati ikawa upande wako: mtandaoni saa kama yako inauzwa 12,000. Unasema nimepata 2,000. Peleka kwa mfanyabiashara wa saa zilizotumika. Hatakupa 12,000, kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo yeye ataiuzia, na naye anataka chake. Tuseme amepunguza asilimia 15. Unaondoka na 10,200. Katikati ya hapo ulimpelekea fundi mara moja aifumue, aioshe, aitie mafuta na kubadilisha mipira ya kuzuia maji: 800. Bima ya dola 150 kila mwaka, miaka mitano: 750. Umebaki na 8,650. Bei ya soko imepanda asilimia 20, na wewe umepata hasara ya dola 1,350.

Na hiyo ni saa iliyopanda. Zilizo nyingi hushuka, nyingine tangu siku unapotoka nayo dukani.

Wakati huohuo, aliyeweka 10,000 zilezile kwenye hati fungani ya asilimia 4 kwa mwaka amepokea 400 kila mwaka, jumla 2,000, na mtaji wake uko palepale. Mwenye hisa anangoja gawio. Saa haitoi riba wala gawio. Imekaa mkononi inakuambia ni saa ngapi, basi. Njia pekee ya kupata faida ni kumpata mtu atakayelipa zaidi ya ulicholipa wewe, na huyo mtu hukuahidiwa.

Najua kuna anayeandika sasa hivi hapo chini: “Mbona Rolex zinapanda bei?” Nakubali, kuna saa chache ambazo bei ya sokoni imewahi kupita ya dukani kwa mbali: Daytona za chuma, Nautilus ya Patek Philippe, Royal Oak ya Audemars Piguet. Patek walipoacha kutengeneza Nautilus 5711 mwaka 2021, watu walipagawa. Mwanzoni mwa 2022, saa hiyo iliyokuwa na bei ya dukani ya kama dola 35,000 ilikuwa inauzwa mitaani zaidi ya mara nne ya hapo. Fedha zilikuwa rahisi, sarafu za kidijitali zimewatajirisha vijana, na kila mtu ghafla akawa mtaalamu wa saa. Ndani ya mwaka huohuo maji yakapwa. Riba zikapanda, sarafu za kidijitali zikaporomoka, na bei za saa zikateremka nazo. Aliyenunua kileleni alibaki ameshika saa nzuri na maumivu.

Na tazameni nani hasa alipata faida. Ni yule aliyeuziwa na duka rasmi kwa bei ya dukani. Lakini duka halimuuzii kila anayeingia. Wanaangalia historia yako, umenunua nini kwao kabla, umekuwa mteja kwa muda gani. Kuna watu wamenunua saa na vito wasivyovitaka ili tu siku moja wapigiwe simu. Hizo gharama hawaziweki kwenye hesabu wanapokuja kutuambia wamepata faida. Sisi wengine tunanunua kwa aliyekwishaweka faida yake juu, halafu tunaita hiyo uwekezaji.

Sasa rudini kwa hii saa yangu, niisogeze karibu na kamera. Mnauona mshale wa sekunde? Haurukii sekunde nzima kama wa saa ya betri. Unakwenda kwa vihatua vidogo, vitano kila sekunde, maana mtambo wake unapiga mara 18,000 kwa saa. Ngoja niiweke kwenye kinasa sauti… mmesikia? Sauti hiyo siichoki.

Sasa tazameni uso wake. Msafi, mweupe, hauna doa. Nilipoinunua hicho ndicho kilichonivuta. Muuzaji aliniambia ni ya asili, haijaguswa. Mwaka wa tatu nikaipeleka kwa fundi kwa matengenezo. Akaivua kioo, akaweka lenzi jichoni, akaniita. Angalieni hapa, kwenye alama ya dakika ya saba: mstari umepita kidogo mpaka wake. Na herufi hizi za chini ni nene kuliko inavyotakiwa. Uso ulipakwa rangi upya na mtu mwenye mkono mzuri, ila si wa kiwandani. Halafu akanionyesha pembe za kasha, yaani mwili wa saa yenyewe. Zilipaswa kuwa kali, zimekuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika, kwa kung'arishwa mara nyingi. Kwa maneno machache tu ya fundi yule, zaidi ya nusu ya thamani niliyodhani ninayo ikayeyuka. Saa ni ileile, inapiga vilevile. Nilimrudia muuzaji, hakunirudishia hata senti.

Msidhani ni ujinga wa wapya tu. Novemba 2021, Omega Speedmaster ya miaka ya 1950 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, wakiitaka kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba ile saa ilikuwa imeungwaungwa kwa vipuri vilivyotoka kwingine, na Omega walisema watu waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Kampuni iliyoitengeneza saa, yenye kumbukumbu zake zote, ilinunua kiraka. Wewe na mimi tuna picha nne za simu na maneno ya muuzaji.

Kwa hiyo kama unataka saa, inunue kwa fedha ambazo zikipotea zote hutakosa ada ya mtoto wala kodi ya nyumba. Inunue kwa sababu unataka kuivaa. Ikiwa imetumika, mlipe fundi asiyemjua muuzaji aifungue kabla hujatoa fedha. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na nilichopoteza mimi. Dai boksi iliyokuja nayo na karatasi zake, na uhakikishe namba kwenye karatasi ndiyo iliyochongwa kwenye saa.

Na swali la mwisho, maana wengi mmeniletea hilo: wenye saa waliyoachiwa na baba au babu, wafanye nini? Msiipeleke kung'arishwa. Mikwaruzo hiyo ni yake, uso uliofifia ni wake, na mkusanyaji wa kweli hulipia vitu hivyo hasa. Mwambieni fundi asafishe mtambo peke yake, aseme kwa maandishi kwamba kasha na uso havijaguswa. Halafu itieni ufunguo, muivae.