Kilisun, losheni ya Moshi kwa ngozi yenye ualbino
Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa mjini Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, iliandaliwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao ngozi yao, kwa kukosa melanini (rangi asilia ya ngozi) ya kutosha, huungua na kuvimba upesi, huku mionzi ya urujuanimno ya jua ikizalisha ndani ya seli radikali huru, yaani molekuli zisizo tulivu, zinazoharibu DNA (vinasaba) na kufungua njia ya saratani. Kiwango chake cha kinga dhidi ya jua ni SPF 30, kinachozuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, aina ya urujuanimno inayounguza ngozi. Naithamini zaidi kwa kuwa hugawiwa bure. Hata hivyo, ipakwe kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili, tena pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu, kwani losheni peke yake haimtoshi mkulima anayeshinda shambani.