Uvimbe wa baba ulioitwa jipu

Matibabu ya moyo aliyopata baba Dar es Salaam yalikwenda vizuri, na sina neno nayo. Neno langu ni juu ya hospitali moja ya hapa Mbeya, tuliyomkimbiza siku chache baada ya kurudi, pale kinenani, mahali katheta, ule mrija mwembamba wa kufikia moyo, ilipopitishwa, palipotokeza uvimbe wa ukubwa wa limau uliokuwa ukidunda sambamba na mapigo ya moyo.

Daktari wa zamu aliutazama kwa mbali, simu mkononi, akasema ni jipu, tukalipie dirishani ili lipasuliwe. Nilimweleza kwa heshima kwamba baba ametoka kupitishiwa katheta kwenye ateri ya paja na bado anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Akanijibu mbele ya mzee wa watu, "Dada, kama unajua kutibu, kwa nini umemleta?"

Mpaka sasa hasira haijanitoka, kwa sababu ndani hamkuwa na usaha: tundu la ateri lilikuwa halijaziba, damu ikivuja na kujikusanya kando ya mshipa, na kisu kingepita pale baba angeweza kufa kwa kuvuja damu. Daktari yule angeuwekea uvimbe kiganja tu, angeshtuka.

Nilidhamiria kuandika kwamba hospitali ile isikanyagwe na mtu. Hata hivyo, muuguzi wa hapo hapo ndiye aliyeugusa, akatuvuta pembeni na kutuambia mzee asipasuliwe kabla ya kupigwa utrasaundi.

Katika hospitali ya pili daktari alituonyesha kwenye kioo cha utrasaundi damu ikizunguka ndani ya uvimbe, mashine ikiipaka rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Hakushika kisu. Alikandamiza kichwa cha mashine juu ya shingo nyembamba ya uvimbe mpaka damu ikaacha kuingia, akashikilia kwa dakika kumi hivi, akalegeza kuangalia, akarudia tena, huku akimpa baba pole kila alipokunja uso. Alitutahadharisha kwamba dawa za baba zingeweza kuizuia damu isigande, na kwamba ikishindikana ipo sindano ya trombini, inayochomwa ndani ya uvimbe kwa kuongozwa na mashine hiyo hiyo na kuigandisha damu upesi sana. Haikuhitajika; kesho yake uvimbe ulikuwa umeganda wote.

Nikimkumbuka yule muuguzi moyo unalainika. Nikiishika risiti ya upasuaji ambao haukufanyika, na ambayo mhasibu amekataa kuturudishia fedha zake, nasema tena: mzazi aliyetoka kupitishiwa katheta asipelekwe pale.