Kura kwa posta Uingereza: huduma nzuri, bahasha zinataka umakini

Nyota 4 kati ya 5. Runcorn and Helsby, jimbo la kaskazini-magharibi mwa England, uchaguzi mdogo wa 1 Mei 2025, Sarah Pochin wa chama cha Reform UK alishinda kwa kura 6 tu. Katika jimbo lenye mitaa ya kipato cha chini mjini Runcorn na vijiji vya wenye nacho, bahasha moja iliyokataliwa ina uzito. Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wenye kibali cha kuishi Uingereza wanaruhusiwa kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Jiandikisheni!

Kuomba kura ya posta mtandaoni ni rahisi: namba ya Bima ya Taifa (National Insurance, namba ya hifadhi ya jamii ya Uingereza) na picha ya sahihi yako. Mwisho ni saa 11 jioni, siku 11 za kazi kabla ya kura.

Nyota iliyopungua ni ya karatasi ya tamko, inayokuja pamoja na karatasi ya kura. Inataka tarehe ya kuzaliwa, lakini watu huandika tarehe ya leo, kura ikakataliwa. Sahihi nayo lazima ifanane na ile ya maombi. Kura iingie bahasha A. Kisha A pamoja na tamko viingie B. Ukisahau tamko, kura haihesabiwi.

Umechelewa kuituma? Ipeleke kituo cha kupigia kura siku ya uchaguzi kabla ya saa 4 usiku na ujaze fomu. Usiitumbukize kwenye sanduku la barua la halmashauri, itakataliwa. Atakayekuwa safarini nje ya nchi ni heri amteue mtu ampigie kura, maana posta huenda isiwahi.