Kuambatana na jeshi au kujitegemea: somo la Iraq, 2003

Kwa gharama, mwandishi wa habari anayeambatana na jeshi vitani hana mpinzani. Waandishi zaidi ya 600 waliingia vitani na vikosi vya Marekani na Uingereza. Usafiri na chakula vilikuwa juu ya jeshi. Anayejitegemea hulipia gari, mafuta, dereva na mkalimani, kila siku.

Usalama ni hesabu ngumu zaidi. Terry Lloyd wa ITN, shirika la habari za televisheni la Uingereza, aliyejitegemea, aliuawa karibu na Basra Machi 22. Lakini Michael Kelly, mwandishi Mmarekani aliyekuwa na wanajeshi, naye alifariki gari lao lilipotumbukia mferejini.

Kwenye habari yenyewe ndipo penye mvutano. Mwandishi aliyeambatana na jeshi husaini masharti: hataji kikosi kilipo wala kinakoelekea. Geraldo Rivera wa Fox, televisheni ya Marekani, alichora ramani mchangani akiwa hewani, akaondolewa. Masharti hayo yana mantiki. Kasoro kubwa ni kwamba unaona kombora likiruka, huoni lilipoangukia. Aliyejitegemea Baghdad aliweza kufika hospitalini kuona majeruhi raia, ingawa naye alifuatwa na wasimamizi wa wizara ya habari ya Saddam. Uhuru wa nusu, basi.

Wewe mhariri, una mwandishi mmoja na unahitaji picha za mstari wa mbele? Mwambatanishe na jeshi, kisha nunua taarifa za mashirika ya habari kuhusu raia. Una wawili, watenganishe. Habari yako ikiwa ni raia wenyewe, tenga fedha za mkalimani mzuri kwanza, kamera baadaye.