Vifurushi vya Basi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa: Tathmini ya Mama Anayeishi Mbali na Wanawe

Kwa mzazi anayeishi Dar es Salaam huku wanawe wakiwa Kenya, huduma ya kutuma vifurushi kwa mabasi yaendayo Mombasa ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, ingawa ina kasoro ambazo wenye mabasi wangeweza kuziondoa bila gharama kubwa. Nimeitumia tangu nilipohamia hapa kikazi kutoka Mombasa, na nimepitia kampuni zaidi ya moja. Sitataja jina la kampuni yoyote, kwa kuwa ninachokipima ni huduma yenyewe jinsi inavyotolewa katika njia hii, na kwa kuwa mema na mabaya niliyoyaona hayakuwa ya kampuni moja peke yake.

Wanangu ni watatu, na wote ni watu wazima. Kifunguamimba, binti yangu, ni muuguzi Mombasa, wa pili anafundisha hisabati katika shule ya sekondari huko Kilifi, na kitindamimba ni fundi umeme aliyeajiriwa Nairobi. Nayasema haya kwa fahari na sioni sababu ya kuificha. Kila mmoja wao analipa kodi ya nyumba yake, anajinunulia chakula chake na hamwombi mtu nauli, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika tathmini hii. Mzazi ambaye watoto wake bado wanasoma anahitaji njia ya kutuma ada na posho, na njia hiyo ipo: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 mtu anaweza kutuma fedha kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili kwa simu yake ya mkononi. Wanangu hawahitaji fedha zangu. Siku hizi wao ndio wanaonitumia mimi. Kinachobaki kwa mama wa watoto kama hao ni kuwamo katika maisha yao bila kuyaingilia, na hapo simu, hata iwe ya video, haitoshi, kwa sababu mazungumzo yake huishia kwenye maswali yaleyale: umekula, umelala, mbona umekonda. Kifurushi hakiulizi swali. Hufika, hufunguliwa kwa wakati anaoutaka mpokeaji, na mazungumzo yanayofuata huanzishwa na mtoto mwenyewe.

Mabasi haya huondoka asubuhi na mapema, mengi yakitokea Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya kituo cha Ubungo mwaka 2021. Kwa mkazi wa Upanga, Ilala au Temeke, kubeba boksi hadi Mbezi kabla jua halijachomoza ni adha, hata kwa kuunganisha mwendokasi na daladala. Ofisi za mjini zimeondoa adha hiyo. Ziko Shekilango, ziko Kariakoo, na hupokea mizigo hadi jioni kisha huipeleka kituoni zenyewe. Mimi hutumia ofisi ya Kariakoo, kwa sababu vitu vingi ninavyotuma hununuliwa mitaa ileile, na boksi hufungwa palepale kwa gundi ya karatasi na kamba ya manila na vijana wanaojua kazi yao.

Mezani mambo huenda hivi. Karani huamkia, huuliza ndani kuna nini, huinua boksi upande mmoja kuupima uzito kwa mikono, kisha huandika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na neno Mombasa kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili za boksi, ili lisomeke hata likilazwa. Risiti ni ya nakala tatu: moja hupewa mtumaji, moja hubandikwa kwenye mzigo, moja hubaki kitabuni. Namba ya risiti ndiyo roho ya huduma yote. Mpokeaji akiwa nayo pamoja na kitambulisho chake, hupewa mzigo bila maneno mengi, na asipokuwa nayo atasubiri hadi karani wa Mombasa apige simu Dar.

Bei ndiyo kasoro yangu ya kwanza. Ofisi niliyoizoea ina mizani chini ya meza, nami sijaona ikitumika. Bei hukadiriwa kwa macho, na macho ya makarani hayafanani: boksi la ukubwa wa katoni ya sabuni nimelilipia shilingi 15,000 jioni moja, na jioni nyingine nikatozwa 25,000 kwa boksi la aina hiyohiyo lenye vitu vilevile. Kuomba kupunguziwa hukubaliwa, lakini mteja asiyejua kuwa inawezekana hulipa zaidi ya aliyesimama nyuma yake, na hilo si haki. Hata hivyo, bei ya juu kabisa niliyowahi kutajiwa na mabasi iko mbali sana na ile ya wasafirishaji wa kimataifa wa anga. Hao huangalia pia nafasi ambayo mzigo unaichukua: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, jibu hugawanywa kwa 5,000, na mteja hulipia hesabu hiyo ikizidi uzito halisi. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kuwa kilo 19 na ushee hata kama ndani yake mna mikeka miwili tu. Kwa nyaraka na dawa utaratibu huo una maana yake. Kwa kikapu cha ukindu alichokitaka binti yangu, hauna.

Njiani, basi hupita Tanga na kufuata barabara ya kilomita zipatazo 65 hadi Horohoro, ambako upande wa pili ni Lunga Lunga. Hiki ni kituo cha pamoja cha mpakani, na maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, hivyo mzigo haukaguliwi mara mbili katika majengo mawili kama zamani. Watu wengi wanaogopa forodha bila sababu. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zimekuwa zikiondolewa ushuru huo zinapovuka mipaka ya nchi wanachama, na hata mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani ana cheti chake rahisi cha uasili wa bidhaa. Kinachochelewesha kifurushi cha familia ni ofisa kutojua kilichomo. Boksi lisiloelezwa hufunguliwa, na boksi lililofunguliwa barabarani halifungwi tena vizuri.

Ndiyo maana ofisi nzuri humtaka mtumaji aandike orodha ya vilivyomo, nakala moja nje na moja ndani. Mimi huiandika kwa mkono, na kwa kila kitu huandika ni cha nani: dagaa wa Kigoma, wakavu, wa wote watatu; korosho za Mtwara, za mwalimu; karafuu, iliki na mdalasini wa Zanzibar, vya muuguzi; shati la kitenge lililoshonwa Mtaa wa Kongo, la fundi wetu. Ofisa wa forodha husoma majina ya vitu, na wanangu husoma mengine yote. Binti yangu ana desturi ya kuipitia orodha hiyo kwa kalamu, akiweka alama ya vema mbele ya kila kitu alichokipata, kisha huipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp, jambo ambalo ni stakabadhi bora kuliko ile ya kampuni. Safari moja nilikuwa nimetia kanga doti mbili, na mbele ya mojawapo hapakuwa na alama. Aliandika pale pembeni, kwa mwandiko wake mdogo ulioinama kushoto: "Hii ya bluu nimempa mama aliyejifungua zamu yangu. Hakuwa na kitu cha kumfunikia mtoto." Sikuwa nimemuuliza lolote kuhusu kazi yake. Kwa simu angeniambia kwamba kazini kwema, naye hangekuwa amesema uongo, lakini mimi nisingemjua zaidi ya nilivyomjua jana.

Jambo moja ambalo makarani wa Dar es Salaam wanapaswa kulisema mezani na hawalisemi kila mara ni la mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na mtumaji anayefunga dagaa zake kwa mfuko wa aina hiyo aliousitiri nyumbani anamwingiza mpokeaji na kampuni katika usumbufu usio na lazima. Tumia vikapu, mifuko ya kitambaa, makopo yenye mfuniko na karatasi ngumu. Kwa vitu vyenye harufu kama dagaa, kopo ni lazima, maana ndani ya buti la basi mzigo wako hukaa pamoja na wa wenzako kutwa nzima.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Wakati wa masika mmoja, boksi langu liliwekwa sakafuni mwa buti lililokuwa likivuja, likafika Mombasa limelowa upande mzima. Kanga zilichuja rangi, na iliki ilianza kuota ukungu. Nilipodai fidia nilioneshwa nyuma ya risiti, ambako kwa maandishi madogo sana imeandikwa kwamba mzigo husafirishwa kwa dhamana ya mwenyewe. Baada ya kufuatilia kwa muda mrefu nilirudishiwa nauli ya mzigo tu. Natoa lawama hiyo kwa moyo wote, kwa sababu kuweka chaga za mbao ndani ya buti ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja, na kuandika thamani ya mzigo kwenye risiti ni kazi ya kalamu. Lakini siwezi kumnyima haki yake karani wa upande wa Mombasa, ambaye hakusubiri kuulizwa. Alimpigia binti yangu simu usiku uleule, akamwambia, "Dada, mzigo wa mama umepatwa na maji, nimeutandaza uani, ukitoka kazini uupitie," na kweli vilivyookolewa viliokolewa na yeye.

Upokeaji wa Mombasa kwa ujumla ni mzuri. Basi hufika jioni, na ofisi nyingi ziko karibu na Mwembe Tayari, mahali panapofikika kwa matatu kutoka kila upande wa mji. Mtu wa zamu kama binti yangu anaweza kuchukua mzigo kesho yake, mradi apige simu mapema. Ujumbe mfupi wa kumjulisha mpokeaji kwamba mzigo umefika haupo. Kila kitu hutegemea karani kukumbuka, na mara nyingi hukumbuka. Safari ya kurudi haina utaratibu kama huo. Wanangu wanaponitumia mabuyu na achari, mimi ndiye ninayepiga simu ofisini kuuliza.

Nimeulizwa na mama wenzangu kwa nini situmi maboksi matatu kwa watoto watatu, ilhali yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Nairobi. Natuma moja kwa makusudi. Boksi likifika kwa dada yao, mwalimu hushuka kutoka Kilifi Jumamosi, mwendo wa kilomita 60 hivi, na mara nyingine kitindamimba huunganisha likizo yake na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017. Hugawana vitu mezani, hupika, na mimi hupigiwa simu wakiwa wameshakaa wote. Upo ukaribu wa mama na watoto wake, na upo ukaribu wa ndugu wao kwa wao mama akiwa hayupo. Huu wa pili ndio ulionitia wasiwasi nilipoondoka nyumbani. Hakuna msafirishaji wa mlango kwa mlango ambaye angenifanyia hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kumfikia kila mtu pale alipo.

Kwa tano, naipa huduma hii nne. Nyota ya tano ninaishikilia hadi nione mizani ikipandishwa juu ya meza na thamani ya mzigo ikiandikwa kwenye risiti. Atakayeitumia kwa mara ya kwanza apeleke mzigo kati ya Jumatatu na Jumatano, kwa sababu wa Ijumaa hufika Jumamosi usiku na huenda ukalala ofisini hadi Jumatatu. Majuma mawili kabla ya Idi na Krismasi mabuti hujaa mizigo ya wafanyabiashara, na vifurushi vya familia ndivyo vinavyoachwa kwa basi la kesho yake. Katika majira hayo, ulizia namba ya basi lenyewe kabla hujaondoka mezani, uiandike nyuma ya risiti, na umtumie mpokeaji picha ya pande zote mbili.