Machungwa ya Muheza kwa basi, mapapai ya Instagram: uzoefu wangu wa kununua miche na mbegu mtandaoni

Shamba letu lipo Kibaha, kwenye mchanga mwepesi, na karibu kila kilichopandwa humo kilinunuliwa kwa simu. Nimenunua kwa wauzaji wa Instagram, kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima, na kwa duka moja la pembejeo la Arusha linalopokea oda na kutuma kwa basi. Watu huniuliza kama inafaa kulipia miche ambayo hujaiona. Inafaa, na mara nyingine utapata mizuri kuliko ile inayouzwa kando ya barabara. Ila tofauti kati ya muuzaji na muuzaji ni kubwa mno, na kwenye picha wanazoweka huwezi kuiona.

Aliyenifurahisha kuliko wote anauza michungwa. Kwa sisi wa ukanda huu ukitaja machungwa umetaja Muheza, kwa hiyo huko ndiko nilikotafuta. Mwenye kitalu ni mzee ambaye ukurasa wake hauna hata picha ya kuvutia: viriba vyeusi vimepangwa chini ya kivuli cha makuti, basi. Nilimtumia ujumbe wa sauti, "Shikamoo mzee, naomba miche ya Valencia." Badala ya kunitajia bei akaniuliza maswali. Shamba liko wapi? Maji yapo? Mashimo yameshachimbwa, samadi imeingia? Ilikuwa Februari, jua kali, na mashimo yalikuwa bado. Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Chimba kwanza. Masika ikishika nitakutumia. Nikituma sasa, jua litaiua, halafu utasema miche ya mzee ni mibovu." Na pesa yangu hakuipokea mpaka mvua ziliponyesha.

Mvua ziliposhika alinitumia picha za miche yenyewe nitakayoletewa, kamera imesogezwa pale kikonyo, yaani kipande cha mchungwa mzuri, kilipobebeshwa juu ya shina la mti mwingine. Hiyo ndiyo picha ya kumdai muuzaji yeyote wa miche ya matunda. Picha ya chungwa lililoiva haikuambii lolote. Michungwa yetu mingi hubebeshwa juu ya shina la limau, kwa sababu limau lina mizizi yenye nguvu na huvumilia ardhi ngumu ya kutunza. Mche uliobebeshwa kweli una kovu: shina hupinda kidogo au hubadilika unene na rangi, juu kidogo ya udongo wa kiriba. Usipoliona kovu hilo, huenda unauziwa mche wa mbegu ambao utausubiri miaka mingi mpaka uzae, ilhali wa kubebesha huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu au wa nne. Kuna na hatari nyingine: kikonyo kimekufa na shina la limau likachipua badala yake. Mche wa namna hiyo hustawi sana na majani yake hung'aa, kwa hiyo kwenye picha ya mbali ndio utakaoupenda kuliko wenzake. Miiba mirefu iwe dalili ya kwanza kwako. Ukiupokea, sugua jani kwenye vidole unuse; limau halifichiki.

Ufungaji wake ndio ulionishangaza, maana najua jinsi mizigo inavyotupwatupwa kwenye buti la basi. Miche ilimwagiliwa siku moja kabla, ili udongo ushikane bila kuwa tope. Kila kiriba kilizungushiwa gazeti na kufungwa kamba juu, udongo usimwagike. Miche ikasimamishwa kwenye maboksi magumu ya dukani yaliyotobolewa matundu ubavuni, na juu pameandikwa kwa kalamu nene: MIMEA HAI, USILAZE. Akanitumia picha ya risiti ya mzigo pamoja na namba ya kondakta. Nilikuwa nimelipa nusu, na nusu nyingine nilimalizia baada ya kuipokea stendi ya Maili Moja na kuikagua. Majani machache yalikuwa yamelegea, yakainuka baada ya kukaa kivulini na kupata maji. Mche ulikuwa shilingi 4,000, na nauli ya kila boksi 10,000. Ukiagiza michache nauli inauma, kwa hiyo tuliungana na majirani.

Huduma yake haikuishia hapo. Baada ya muda akauliza, "Maotea ya chini ya kovu unayatoa?" Maana limau halikubali kufa kimyakimya, huchipua chini ya kovu, na ukiliacha litaula ule mchungwa wako. Nayatoa kwa mkono yakiwa bado machanga. Ningekuwa na nyota sita ningempa zote.

Sasa mapapai, na hapa sina maneno laini. Muuzaji alikuwa na ukurasa wenye wafuasi wengi na picha za mapapai yaliyobebana kuanzia chini ya shina hadi juu. Aliuza mbegu alizoziita Red Lady F1. Red Lady halisi ni mbegu chotara (ndiyo F1, yaani uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti) iliyozalishwa Taiwan, ni ghali, na sifa yake kubwa ni kwamba haitoi mipapai dume. Miti yake huwa ya kike au yenye maua ya jinsia zote mbili, kwa hiyo kila mti unaoulea unatarajiwa kuzaa. Ndiyo sababu mkulima hukubali kulipa bei ile. Nililipa bei ya Red Lady halisi. Kilichofika ni mbegu ndani ya vifuko vya plastiki angavu, vimefungwa kwa moto wa mshumaa, jina limeandikwa kwa kalamu. Hapakuwa na jina la kampuni wala namba ya toleo, wala tarehe. Nilipohoji, akasema alinunua kopo kubwa akagawa "ili wakulima wadogo waweze kumudu". Maelezo hayo yanaingia akilini, na ndiyo maana wengi wanaumia.

Zikaota vizuri. Tukahamishia shambani, tukamwagilia kiangazi kizima, tukaweka samadi ya kuku. Mpapai mdogo hausemi jinsia yake; unasubiri maua. Yalipotoka, mti baada ya mti ulitoa vile vikonyo virefu vinavyoning'inia, vyenye maua madogo mengi. Dume. Jike ua lake ni kubwa, limekaa karibu na shina, na kijipapai kinaonekana kabla hata ua halijanyauka. Karibu nusu ya shamba ilikuwa madume, na hiyo ni hali ya kawaida kabisa ukikamua mbegu kwenye papai lolote la sokoni lenye asili ya madume na majike. Mipapai yenyewe ilikuwa imeshatoa ushahidi: zile hazikuwa Red Lady. Muuzaji nilipompelekea picha alisema tatizo ni udongo wangu. Jinsia ya mpapai inatokana na mbegu, haigeuzwi na udongo wa Kibaha wala wa kwingineko. Nilipomwambia hivyo akanizuia nisimpate tena. Kuipoteza pesa ya mbegu naweza kuvumilia. Kinachoniuma ni maji, samadi na miezi ya kulea miti ambayo nimeikata, nikabakiza michache ya kuchavushia majike.

Kwa mbegu sheria ipo na inatusaidia. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, muuzaji wa mbegu anatakiwa awe amesajiliwa, na TOSCI, taasisi ya serikali yenye makao makuu Morogoro, ndiyo inayothibitisha ubora wa mbegu. Pakiti halali ina lebo ya TOSCI. Muombe muuzaji apige picha lebo hiyo karibu, kisomeke kila kitu: jina la mbegu, namba ya toleo, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Mwenye mbegu halali atakutumia picha hiyo ndani ya dakika moja. Akianza kukueleza habari ndefu, ondoka.

Duka la Arusha lilinitumia pakiti za namna hiyo. Nilichukua bamia, mnavu na nyanya ya Tengeru 97, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru palepale Arusha. Hiyo si chotara, kwa hiyo nakamua mbegu zake mwenyewe na msimu unaofuata nyanya ni ileile. Ukifanya hivyo kwa F1 watoto hutoka mchanganyiko. Lawama yangu kwao ni kwamba hujibu ujumbe polepole, na kwa oda ndogo nauli hukaribia bei ya mbegu. Kwa vitunguu, walitaka kunipa mbegu iliyopimwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Nilikataa, kwa sababu mbegu ya kitunguu huchoka upesi, hasa kwenye joto letu, na wakabadilisha bila ubishi. Kila pakiti ninayopokea huijaribu kwanza: mbegu 20 kwenye tishu yenye unyevu, ndani ya kontena lenye mfuniko. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kutegemea zao, nahesabu zilizoota kabla ya kuandaa tuta.

Vile vipakiti vya stroberi za bluu na waridi la rangi saba kutoka nje sivigusi. Stroberi ya bluu haipo, ni picha iliyotiwa rangi, na mbegu kuvuka mpaka bila cheti cha afya ya mimea ni hatari kwa mashamba ya wengine. Mwaka 2020 watu Marekani walipokea kwa posta vipakiti vya mbegu ambavyo hawakuagiza, vingi vikiwa na mihuri ya China, na wizara yao ya kilimo ikawaambia wasivipande.

Migomba pia siagizi kwa mtu nisiyemjua, hata kama bei ni nzuri. Chipukizi linaweza kuonekana zima huku limebeba ule ugonjwa wa mnyauko uliowatesa wakulima wa Kagera, na ukishaingia shambani itakubidi ung'oe mashina. Migomba nanunua iliyozalishwa maabara, tena kwa mtu ambaye kitalu chake naweza kwenda kukiona mwenyewe.